Dozi ileile, maumivu makali zaidi: kwa nini mofini haimtoshi mama tena?

Swali. Mama yangu ana saratani ya titi iliyosambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Anatumia mofini ya maji, miligramu 10 kila baada ya saa nne. Kwa miezi mitatu ilimtuliza vizuri, lakini wiki mbili hizi dozi haifiki saa nne kabla maumivu hayajarudi, na alfajiri huamka analia. Siku nyingine anasema mguu unamwaka moto. Jirani yetu aliugua ugonjwa huohuo akatulia kwa kodeini tu. Nimesoma kwamba ubongo hujitengenezea mofini yake. Sasa ya mama imekwenda wapi? Wadogo zangu wanaogopa amekuwa teja, wanataka tumpunguzie. Tufanye nini?

Jibu. Pole sana kwa kuuguza. Nianze na lililo la haraka: msimpunguzie mama dozi kwa hofu hiyo, wala msiikate ghafla. Mwili uliokaa na mofini kwa miezi huizoea. Ukiikosa ghafla, mtu hutoka jasho, hupiga miayo, huhara, na maumivu humrudia kwa kishindo. Hiyo ni hali ya mwili, wala haimfanyi mtu kuwa teja. Teja huitafuta dawa ili imlevye, na huendelea nayo hata inapomvurugia maisha. Mama yako anaomba dawa kwa sababu anaumia, na akiipata anaweza kukaa, kula na kulala. Waeleze wadogo zako hivyo kabla ya jambo lingine lolote, maana hofu yao yenyewe inaweza kumwongezea mama maumivu, na nitaeleza kwa njia gani.

Mofini ya ubongo ipo kweli. Mwaka 1973 maabara za Marekani na Sweden, kila moja kivyake, zilionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi vinavyoshika dawa za jamii ya mofini. Watafiti wakajiuliza: mofini hutoka kwenye utomvu wa mmea, sasa binadamu anazaliwaje na vipokezi vyake? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, walipata jibu ndani ya ubongo wa nguruwe: peptidi mbili walizoziita enkefalini. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vilevile vya protini. Enkefalini ina asidi amino tano tu, na ya kwanza, tirosini, ina umbo linalofanana na sehemu ya mofini. Ndiyo maana kipokezi kimoja huzipokea zote mbili. Baadaye zikajulikana beta-endofini yenye asidi amino 31 na dinofini yenye 17.

Kwa hiyo ya mama haijapotea. Mwaka 2001 watafiti wa Michigan waliwapiga picha za ubongo watu waliokubali kuumizwa taya kwa maji ya chumvi, wakaona peptidi hizi zikimwagika na kukalia vipokezi wakati maumivu yanaendelea. Waliozimwaga kwa wingi waliripoti maumivu hafifu kuliko wenzao. Shida ni kwamba vimeng'enya huvunja enkefalini muda mfupi tu baada ya kutolewa. Ni kinga nzuri kwa mtu aliyevunjika mguu anayehitaji kujikokota hadi mahali salama. Haikuumbwa kubeba mfupa unaoliwa na saratani usiku na mchana kwa miezi. Mofini tunayotoa kwenye chupa hufanya kazi ileile mahali palepale, ila inadumu saa nne hivi.

Inafanya kazi wapi hasa? Kwanza kwenye uti wa mgongo. Neva inayoleta habari ya maumivu kutoka kwenye nyonga hufika pale na kuikabidhi kwa seli inayofuata kwa kumwaga kemikali, hasa glutamati na peptidi ya asidi amino 11 iitwayo dutu P. Enkefalini au mofini ikikaa kwenye ncha ya neva hiyo, huzuia kalsiamu kuingia, na bila kalsiamu kemikali hazimwagwi. Kwenye seli ya pili hufungua njia za potasiamu, na seli hiyo inakuwa nzito kuamka. Pili ni kwenye ubongo wa kati, eneo la kijivu linalozunguka mfereji wake. Kutoka hapo amri hushuka hadi shina la ubongo, halafu uti wa mgongo. Katika shina la ubongo kuna seli za aina mbili zinazohusika: zinazoruhusu maumivu kupanda na zinazoyazuia. Mofini huzinyamazisha za kwanza na kuziachia za pili zifanye kazi.

Mpaka hapa ni rahisi. Lakini mwili haukubali kuzima maumivu moja kwa moja, kwa sababu maumivu ni ulinzi. Umejiwekea peptidi nyingine zinazovuta upande wa pili, kama timu mbili kwenye mchezo wa kuvutana kamba, na dozi ya mofini inayomtosha mtu hutegemea pia nguvu ya timu hiyo ya pili.

Iliyochunguzwa zaidi ni kolesistokinini. Wengi huijua kama homoni ya utumbo inayokamua mfuko wa nyongo baada ya mlo wenye mafuta, lakini imejaa kwenye ubongo pia, katika umbo fupi la asidi amino nane. Kwenye shina la ubongo huziamsha seli zinazoruhusu maumivu na kuinyima mofini nafasi ya kuziachia zile zinazozuia. Panya akipewa dawa inayoziba vipokezi vya kolesistokinini, mofini ileile humtuliza zaidi. Kwa panya waliokatwa neva, uzalishaji wa peptidi hii kwenye seli za neva hupanda sana, na mofini hudhoofika. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye mguu unaowaka.

Kuna nyingine iitwayo neuropeptidi FF, nayo ina asidi amino nane, iliyotolewa kwenye ubongo wa ng'ombe mwaka 1985. Ukiidunga kwenye ubongo wa panya hupunguza nguvu ya mofini, lakini ukiidunga kwenye uti wa mgongo huiongeza. Nosiseptini, iliyotambuliwa mwaka 1995, ina tabia kama hiyo. Hata dinofini, ambayo ni ndugu wa endofini, hugeuka: kwa kawaida hukalia kipokezi cha kappa, kimoja cha vipokezi vya opioidi (yaani mofini na jamii yake), lakini ikizidi kwenye uti wa mgongo baada ya neva kuumia, au baada ya kutumia opioidi kwa wingi na kwa muda mrefu, huchochea maumivu kupitia vipokezi visivyo vya opioidi kabisa. Ukisoma mahali pameandikwa kwamba kuna peptidi nzuri na peptidi mbaya, usikubali. Mahali ilipo na kiasi chake ndivyo vinavyoamua.

Sasa ile hofu. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwapa wagonjwa waliong'olewa meno dawa bandia isiyo na kitu ndani, na baadhi wakapata nafuu. Walipopewa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, maumivu yao yalipanda. Maana yake ni kwamba nafuu ile haikuwa ya kufikirika: matumaini yaliuamsha ubongo utoe peptidi zake. Upande wa pili ulichunguzwa Turin, Italia, na Fabrizio Benedetti na wenzake. Mtu akiambiwa kwamba atakachopewa kitamwongezea maumivu, wasiwasi huamsha kolesistokinini na maumivu hupanda kweli. Dawa ya zamani ya tumbo inayoziba vipokezi vyake, proglumidi, ilizuia ongezeko hilo. Halafu mwaka 2011 watafiti wa Oxford waliwawekea watu 22 wenye afya dripu ya opioidi kali, kiwango kilekile muda wote, huku wakiwachoma kwa joto. Walipoambiwa dawa imeanza, nafuu iliongezeka mara mbili. Walipodanganywa kwamba imesimamishwa, nafuu yote ilipotea, ingawa dawa iliendelea kuingia kwenye mshipa.

Ndiyo maana nasema maneno ya nyumbani yana uzito wa dawa. Mama anayesikia watoto wakinong'ona kuhusu uteja, au anayepewa dozi kwa kusitasita na kuambiwa "jikaze kidogo", anakunywa mofini huku kolesistokinini ikimpinga. Mpe dozi kwa wakati, mwambie hii ni ya maumivu na ndani ya nusu saa hadi saa moja itaanza kumsaidia. Huo ni ukweli, si kumbembeleza.

Tuje kwenye dozi yenyewe. Dozi iliyotosha ikiacha kutosha kuna sababu kadhaa, na kila moja ina dawa yake. Kuongeza tu bila kutazama ndipo watu hukosea.

Tazama kwanza jinsi inavyotolewa, hasa kwa kuwa analia alfajiri. Mofini ya maji hufika kileleni baada ya saa moja hivi na huisha nguvu baada ya saa nne. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na ile ya saa 4 usiku huwa mara mbili, yaani miligramu 20, ili asiamshwe saa 8 usiku. Nyumba nyingi hutoa dozi moja ya kawaida usiku kisha wanalala hadi asubuhi. Hapo mgonjwa anakaa saa nane kwa dawa ya saa nne, na kilio cha alfajiri kinajieleza. Angalia pia chupa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: ipo yenye miligramu 5 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 katika mililita 5. Miligramu 10 ni mililita 10 za chupa ya kwanza, lakini ni mililita 1 tu ya chupa ya pili. Kila mnapoletewa chupa mpya someni lebo, pimeni kwa sirinji isiyo na sindano, msitumie kijiko cha chai. Kukosea hapa ni kutoa moja ya kumi ya dozi au mara kumi yake, na hilo la pili linaweza kuua.

Kama ratiba iko sawa, sababu ya kawaida kabisa kwa mgonjwa wa aina hii ni kwamba ugonjwa umesonga mbele. Usugu wa mwili kwa mofini upo: vipokezi huwekewa alama ya kemikali, fosfati, inayovipunguzia kazi, vingine humezwa ndani ya seli, na ile timu ya pili ya peptidi huongeza nguvu. Lakini kwa mgonjwa wa saratani aliyetulia miezi mitatu kwa dozi moja, ghafla wiki mbili zimbadilikie, mimi ningetafuta kwanza mfupa uliopata kidonda kipya kabla ya kuulaumu usugu.

Hesabu ya kuongeza ni hii, na mwende nayo kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wa maradhi mazito, ili muuguzi au daktari aithibitishe. Kwa sasa anapata 10 mara sita, jumla miligramu 60 kwa siku. Kila mgonjwa anayetumia mofini kwa saa anapaswa kuwa pia na dozi ya nyongeza ya maumivu yanayochomoza katikati, ambayo ni moja ya sita ya jumla ya siku, kwake miligramu 10. Dozi ya nyongeza haifuti ile ya ratiba. Andikeni kila nyongeza na saa yake. Tuseme kwa siku amehitaji nyongeza tatu: 60 na 30 ni 90. Gawa kwa sita, dozi mpya ya ratiba ni miligramu 15, na ya nyongeza ni 15 vilevile. Ongezeko la asilimia 30 hadi 50 kwa hatua moja ndilo la kawaida, kisha inasubiriwa siku moja hivi ionekane imefanya nini. Kusinzia kidogo siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na mara nyingi ni usingizi aliokuwa amenyimwa na maumivu.

Choo ndicho kisichozoea. Vipokezi vya opioidi vimejaa kwenye utumbo pia, na mwili unaozoea usingizi na kichefuchefu hauzoei kufunga choo. Kila anayetumia mofini apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa mfano bisakodili miligramu 5 hadi 15 usiku, isipokuwa kama anaharisha. Nimewahi kuulizwa mara nyingi kama papai na maji vinatosha. Vinasaidia, lakini havitoshi.

Sasa ule mguu unaowaka moto. Maumivu ya kuwaka, ya kupiga kama shoti ya umeme, au ngozi kuuma inapoguswa na shuka, ni dalili kwamba neva yenyewe imebanwa au imeumia. Hapo ndipo kolesistokinini na dinofini hupanda na mofini hupungukiwa nguvu. Kuongeza mofini peke yake husaidia kidogo na kuleta usingizi mwingi. Kinachohitajika ni dawa ya njia nyingine, mara nyingi amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku, ambayo huimarisha zile amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kuja kuzuia maumivu. Mueleze daktari kama mama ana tatizo la moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa, maana dawa hii haiwafai wote, na huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuonyesha kazi yake.

Kwa kuwa saratani iko kwenye mifupa ya mgongo, kuna jambo moja lisilosubiri. Mguu ukianza kulegea, ganzi ikipanda, akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mgongo ukimbana kama mkanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na deksamethasoni pamoja na mionzi vikiwahi vinaweza kuokoa uwezo wake wa kutembea. Hata bila hatari hiyo, ulizeni kuhusu mionzi ya mifupa: hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, huitoa. Mara nyingi kipimo kimoja cha grei 8 (Gy, kizio cha mionzi) kinatosha kupunguza maumivu ya mfupa.

Figo nazo zichunguzwe. Ini huigeuza mofini kuwa vitu viwili vinavyotolewa na figo. Kimoja hutuliza kuliko mofini yenyewe, kingine hakitulizi bali huchokoza neva. Figo zikichoka, kwa kuhara, kutapika, kutokunywa maji, au kwa kutumia diklofenaki kila siku, vyote viwili hulundikana. Mgonjwa husinzia sana, huona vitu visivyokuwepo, na misuli yake hurukaruka. Hapo dozi hupunguzwa au muda huongezwa hadi saa sita au nane, kwa uamuzi wa daktari. Mkiona haamki vizuri, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini na anapumua chini ya mara nane kwa dakika, hiyo ni sumu ya mofini: msimpe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali.

Ipo pia hali adimu ambapo opioidi yenyewe huongeza maumivu. Alama yake ni kwamba yanaenea hadi sehemu zisizo na ugonjwa, mguso mwepesi unauma, na kila mkiongeza dozi yanazidi. Hutokea zaidi kwa dozi kubwa sana, si hizi za mama, na hutibiwa kwa kupunguza, kubadilisha aina ya opioidi, au ketamini kidogo hospitalini. Kwa panya, kuziba vipokezi vya neuropeptidi FF kulizuia hali hii, ila hakuna dawa ya namna hiyo inayouzwa. Njia ya utafiti wa peptidi imejaa ahadi zilizovunjika: dawa za kuziba dutu P zilifanya vizuri kwa wanyama, zikashindwa kutuliza maumivu ya watu, na moja yao, aprepitanti, sasa hutumika kuzuia kutapika kwa wagonjwa wanaopewa dawa kali za saratani (kemotherapi). Akija mtu kuwauzia "kidonge cha endofini", okoeni pesa zenu.

Na jirani? Kodeini haitulizi mpaka ini liigeuze kuwa mofini, kwa kimeng'enya CYP2D6. Kuna watu ambao kwao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, nao hawapati nafuu yoyote, na kuna wenye nakala nyingi za jeni yake ambao hupata mofini nyingi kwa haraka. Katika kundi la Waethiopia waliopimwa miaka ya 1990, karibu asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada, kiwango cha juu sana kikilinganishwa na Ulaya Kaskazini. Huenda jirani yenu alikuwa miongoni mwa watu hao, huenda mifupa yake ilishambuliwa kidogo. Kwa vyovyote, dozi yake haisemi chochote kuhusu mama, na kumrudisha mama kwenye kodeini kutakuwa kumshusha.

Nendeni kliniki wiki hii mkiwa na daftari lenye saa ya kila dozi, nyongeza alizotumia, maumivu kwa alama kati ya 0 na 10 kabla ya dozi na saa moja baadaye, siku alizopata choo, na mahali hasa panapowaka. Mama akipata mionzi, maumivu yanaweza kupanda siku chache za mwanzo, kisha yashuke ndani ya wiki moja hadi nne. Yakishuka atasinzia kwa dozi ileile iliyokuwa haimtoshi, na hapo ndipo mofini inapunguzwa, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mkiwasiliana na kliniki.